Bakuli Lililopozwa Majivuni

Mwaka wa 1954 kiwanda kidogo cha maziwa kilichosimama juu ya Lushebere, katika vilima vya Masisi, kilimiliki bakuli moja la inox, lenye ujazo wa lita kumi na tano na mdomo wa kumiminia. Mdomo huo ulikuwa umevunjika. Bakuli lilisafiri salama kutoka Ubelgiji kwa meli, kwa treni na kwa lori, kisha likaangushwa katika mita mia mbili za mwisho na wapagazi wawili, ambao kila mmoja alieleza kwa ufasaha jinsi mwenzake alivyoteleza.

Inox ni chuma cha pua kilichochanganywa na metali iitwayo kromi ili kisishike kutu. Hayo yalikuwa yameandikwa ubavuni mwa sanduku lililolileta, kwa lugha mbili, na hakuna aliyeyatilia shaka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukaa na kitu cha inox muda wa kutosha kupata shaka.

Aliyeitwa kuuchomelea mdomo huo ni Straton Nzabandora, mchomeleaji wa karakana ya mgodi wa Rubaya. Siagi ya kiwanda ililiwa na wakubwa wa mgodi, kwa hiyo mgodi ulijiona una wajibu. Straton alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Kabla ya kupewa kinyago cha kuchomelea alikuwa amebeba mawe ya kasiterite, yaani madini ya bati, mgongoni kwa miaka minne, kutoka kilimani hadi barabarani, na hakuzungumzia miaka hiyo isipokuwa alipoulizwa kwa nini bega lake la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia.

Baba yake, Kanamugire, alikuwa mhunzi. Alihamia Kashebere, upande wa Walikale, kwa sababu msitu wa huko ulitoa makaa kwa wingi na barabara ilileta wanunuzi wa majembe. Kutoka kwa baba yake Straton alirithi kanuni moja, nayo aliishika kama watu wengine walivyoishika katekisimu: chuma kikitoka motoni, kifukiwe majivuni kipoe chenyewe. Jembe linalotumbukizwa majini huvunjika kwenye jiwe la kwanza, na mwenye jembe hulirudisha siku ya soko, mbele ya watu, akiwa ameshika vipande viwili.

Straton aliuchomelea mdomo vizuri sana. Mshono ulikuwa mwembamba na umenyooka, na ungeweza kupigwa picha, kama kungekuwa na mtu wa kupiga picha za mishono. Kisha, kwa kuwa bakuli lilikuwa la Ulaya na lilistahili heshima, alipasha moto tena kandokando ya mshono kwa mwali wa gesi mpaka pakawa pekundu, wekundu ambao baba yake aliuita damu ya mzee, akalifukia bakuli lote katika majivu ya moto hadi adhuhuri ya siku ya pili. Halafu akarudia kazi hiyo yote kwa mara nyingine, kwa usalama.

Ilibaki kuwashawishi wenye maziwa. Familia za wafugaji wa milima ile zilikamua na kuhifadhi maziwa katika icyansi, chombo cha mti kinachofukizwa moshi ndani, na ziliamini kwamba ng'ombe ambaye maziwa yake humiminwa katika chuma hukauka. Mukantabana, mjane mwenye ng'ombe tisa na sauti iliyosikiwa na wenye ng'ombe thelathini, ndiye aliyewaongoza wanawake waliopeleka maziwa kiwandani. Alilizunguka bakuli mara mbili.

"Hii ni chuma," alisema.

"Haiko chuma ya majembe, Mama," alijibu Straton. "Hii ni inox. Haishikake kutu hata siku moja."

"Nani aliishi na hii mpaka siku ya mwisho, akarudi kukuambia?"

Straton alionyesha maandishi ya sanduku. Mukantabana hakusoma Kifaransa wala Kiflemi, lakini alikubali, akisema wazi mbele ya wanawake wenzake kwamba anakubali kwa neno la Straton, si kwa neno la sanduku. Straton alilipokea jambo hilo kama sifa.

Miezi mitatu baadaye bakuli lilivuja.

Kila jioni liliwekewa maziwa ya kuganda, na kila Jumamosi lilioshwa kwa asidi iliyokuja katika madumu yenye picha ya fuvu. Mshono wenyewe ulibaki kama ulivyotoka mkononi mwa Straton, mweupe na mzima. Lakini kila upande wake, umbali wa nusu kidole, palikuwa pametokea mstari wa rangi ya kahawia. Mistari hiyo miwili ilikwenda sambamba na mshono kutoka mwanzo hadi mwisho, kama kingo za barabara, na kutoka katika mmoja wao maji ya maziwa yalidondoka sakafuni tone baada ya tone.

Mukantabana aliinama, akatazama kwa muda mrefu, akasimama.

"Straton, ulisema haishikake kutu."

"Mama, fasi nilisuder, hapa ku mushono, iko muzima. Angalia. Ile kutu iko pembeni."

"Pembeni."

"Njo vile. Pembeni kabisa."

"Basi ni kutu yenye adabu," alisema Mukantabana. "Imeona kazi ya soudeur, ikaiheshimu, ikaenda kujenga kwa jirani."

Wanawake walicheka, kisha wakabeba vyombo vyao vya mti na kurudi navyo nyumbani vikiwa bado vimejaa. Maziwa yaliyodondoka ardhini yalikuwa tayari yamewakera zaidi kuliko kutu. Kesho yake hawakuja. Keshokutwa yake wakubwa wa mgodi walikula mkate mkavu, na mhandisi wa mgodi akamwita Straton.

Mhandisi alikuwa mtu wa maneno machache, aliyejifunza Kiswahili kwa kutoa amri na kwa hiyo hakujua hali nyingine ya vitenzi. Aliligeuza bakuli juani, akapitisha ukucha kwenye mistari ya kahawia, akaliweka chini.

"Tengeneza. Mpaka mwisho wa mwezi. Likivuja tena, rudisha kinyago, rudi ku mawe."

Mwisho wa mwezi ulikuwa baada ya wiki tatu. Straton alirudi karakanani na kufanya jambo ambalo mchomeleaji yeyote angelifanya, yaani alichukua baguette, kijiti cha kuchomelea, akajiandaa kuziba mistari ile kwa mishono miwili mipya. Aliyemzuia ni Ndagijimana.

Ndagijimana alifanya kazi katika maabara ya mgodi. Alikata mawe, akayasugua mpaka yang'ae, akayaweka chini ya hadubini ili mhandisi ahesabu madini yaliyomo. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi, na ilikuwa imemfanya asiamini chochote ambacho hakijakuzwa mara mia.

"Ukisuder ile mistari," alisema, "utapata mistari ine."

"Unajua namna gani?"

"Sijui. Ninahesabu. Mushono moja, mistari mbili. Mishono mbili?"

Straton aliweka kijiti chini.

Sandukuni, pamoja na bakuli, kulikuwa kumekuja kifuniko cha akiba cha metali ileile, ambacho hakikufunika kitu chochote kiwandani. Ndagijimana alikikata vipande vyembamba kama rula. Kipande kimoja hakukigusa. Kimoja alimpa Straton akitendee vilevile alivyolitendea bakuli, mwali na majivu, mara mbili. Cha tatu alikiweka katika tanuru dogo la maabara, ambalo liliweza kumeza kikombe cha chai na si zaidi, mpaka kikang'aa kuelekea njano, akakitoa kwa koleo na kukitumbukiza papo hapo ndani ya ndoo ya maji.

Straton alifumba macho. Alikuwa amelelewa kuona jambo hilo kama uharibifu wa mali.

Ndagijimana alikata ncha ya kila kipande, akazisugua ncha hizo kwa siku nzima, akazipaka asidi kidogo, kisha akamketisha Straton mbele ya hadubini.

Katika kipande kisichoguswa Straton aliona kilima. Ndivyo alivyokieleza baadaye, na maelezo hayo si mabaya. Aliona mashamba yaliyopakana, kila moja na umbo lake, yametenganishwa na mistari myembamba isiyoonekana vizuri, kama mtu atazamavyo vilima vya Masisi akiwa kilima cha pili, asubuhi isiyo na ukungu. Ndagijimana alimwambia kwamba mashamba hayo huitwa punje, na kwamba metali yote imejengwa kwa punje, hata ile inayoonekana laini kama maji.

"Sasa hii ya majivu," alisema, akabadilisha kipande.

Mashamba yalikuwa yaleyale. Lakini kila mpaka ulikuwa umegeuka mtaro mweusi, mpana, ulioendelea bila kukatika, kiasi kwamba kila shamba lilionekana kisiwa.

"Nani alichimba?" aliuliza Straton.

"Wewe. Sikiliza. Mu inox kuko kromi, na kuko kaboni kidogo sana. Kromi njo mulinzi. Iko mu kila shamba, imetawanyika muzuri, kutu haipate fasi ya kuingia. Chuma ikikuwa nyekundu, si nyekundu sana, kaboni inaamka, inaenda kukaa ku mupaka. Inaita kromi. Kromi yote yenye kuwa karibu inaenda kukaa nayo. Pembeni ya mupaka hakubakie mulinzi hata moja. Asidi inapita pale."

"Na nikiipoza polepole?"

"Unawapa muda ya kupiga hadithi."

"Na majivu?"

"Majivu ni kuwaletea viti."

Straton alitazama tena. Alianza kuelewa kwa nini kutu ilijenga kwa jirani. Mshono wenyewe ulikuwa umeyeyuka na kupoa upesi, ukapita hatari kabla ya mlinzi yeyote kuondoka. Palipokuwa nusu kidole kutoka hapo ndipo wekundu ule wa damu ya mzee ulipokaa, na ndipo alipourudisha kwa mwali, na ndipo alipoufunika kwa majivu ili ukae zaidi.

Kipande cha tatu, kile cha maji, kilikuwa na mipaka myembamba kama cha kwanza.

"Ukitia moto mukali, mukali sana," alisema Ndagijimana, "kaboni na kromi wanaachana, kila mutu anarudi kwake. Halafu unaitia mu maji mbio, mbele ya kuitana tena. Lakini ni bakuli yote, Straton, haiko mushono tu. Ukichoma fasi moja, pembeni yake itakuwa nyekundu kidogo, na hadithi inaanza upya. Na makala ya moto isiguse bakuli. Makala ni kaboni. Wanatosha wenye wako ndani."

"Moto gani inaweza kumeza bakuli yote?"

Wote wawili walijua. Moto wa namna hiyo ulikuwa Kashebere, na mwenye moto huo ndiye aliyekuwa mwenye kanuni ya majivu.

Vipande vile vitatu Ndagijimana alivichemsha katika asidi kwa siku mbili, akampa Straton pamoja na vipande viwili vya kifuniko ambavyo havijatumika na kipisi cha waya wa shaba. Shaba, alisema, huyeyuka kwenye nyuzi elfu moja na themanini na tatu, na joto hilo ndilo walilolitaka. Ikiyeyuka, hakuna haja ya kubishana. Akaongeza kwamba isidondoke kwenye bakuli, bali ikae katika kisahani chake cha udongo.

Straton alilifunga bakuli mgongoni na kutembea siku mbili. Njiani watu watatu walimuuliza bei ya sufuria.

Kanamugire alimkuta mwanawe akiteremsha mzigo mbele ya kibanda cha kufulia.

"Umeniletea sufuria."

"Ni bakuli, Papa. Ya muzungu. Ilivuja."

"Ulifukia mu majivu?"

"Nilifukia. Mara mbili."

"Basi haiwezi kuvuja," alisema Kanamugire, akarudi kwenye fuawe lake, kwa kuwa kwa upande wake mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Straton alieleza. Alieleza walinzi, mipaka, mitaro na hadithi, na kadiri alivyoeleza ndivyo maelezo yalivyomponyoka, kama yafanyavyo maelezo mengi yakiwa mbali na chombo kilichoyathibitisha. Alipofika kwenye maji, baba yake aliweka nyundo chini.

"Nani alikuambia maji?"

"Muntu wa laboratoire."

"Anafua?"

"Hapana, Papa. Anaangalia mawe."

"Mawe," alisema Kanamugire, kwa upole ambao haukuwa wa kumtia mtu moyo. "Na mimi nilifua majembe miaka makumi ine. Hata moja halikuona maji. Sasa mutoto wangu anatoka Rubaya na habari ya muntu wa mawe."

Straton angeweza kutaja kinyago, mawe ya kasiterite na mwisho wa mwezi, nao ulikuwa umebakiza siku kumi. Hakutaja. Alimjua baba yake, na alijua kwamba mhunzi anayeombwa kwa huruma hufanya kazi mbaya. Badala yake alivipanga vipande vitatu juu ya fuawe na kurudi nyuma hatua moja.

Kanamugire alivitazama. Hakuna mhunzi anayeweza kuona metali juu ya fuawe lake asiigonge. Alichukua nyundo ndogo na kugonga cha kwanza, ambacho hakikuguswa. Kililia, sauti ndefu na safi. Aligonga cha tatu, kile cha maji. Kililia vilevile. Aligonga cha pili.

Kilitoa sauti butu, ya kibao cha mti.

Aligonga tena. Akakisogeza hadi mwisho mwingine wa fuawe, kwa kuwa huenda kosa lilikuwa la fuawe, akagonga kwa mara ya tatu. Kibao.

"Hii ulifanyaje?"

"Majivu, Papa. Halafu asidi."

"Na hii ingine, yenye kulia?"

"Maji. Na asidi ileile, siku zilezile."

Kanamugire alikishika kipande cha majivu kwa koleo mbili na kukikunja. Kabla hakijafika nusu ya pembe, uso wake ulipasuka nyufa elfu moja, kama tope la barabarani baada ya wiki ya jua, na punje zikamwagika kwenye kiganja chake kama unga. Alizisugua kwa kidole gumba. Kisha akakikunja kipande cha maji, na chenyewe kikajikunja mpaka ncha zikakutana, laini kama mshipi, bila ufa.

"Iliingia mu maji, ikalainika," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Chuma ikiingia mu maji inakuwa ngumu, inavunjika."

"Ndiyo, Papa."

Kanamugire aliweka koleo chini, akakaa. Watu wawili waliokuja kununua majembe waliketi kwenye gogo wakasubiri, wakidhani pana msiba.

"Basi hii haiko chuma," alisema hatimaye.

Straton alikuwa amejifunza kutomsahihisha mtu anayekuja upande wake.

"Iko nini, Papa?"

"Sijui. Inafanana na chuma, lakini haiko. Na kitu chenye haiko chuma, miye sina sheria yake. Unaweza kuitia mu maji, mu maziwa, mu pombe, mwenye alikuambia atajibu. Lete udongo wa kichuguu."

Ndivyo sheria ya majivu ilivyohifadhiwa, na ndivyo bakuli lilivyopata ruhusa.

Udongo wa kichuguu ulikuwa mwingi Kashebere, na wahunzi waliupenda kwa sababu huvumilia moto ambao udongo wa mtungi hauuvumilii. Kanamugire aliukanda kwa miguu, akachanganya na udongo uliokwisha kuchomwa, akajenga nyumba ndogo ya duara yenye kifuniko, kubwa kiasi cha kulificha bakuli lote. Makaa yangekaa nje, bakuli ndani, nao wasionane. Udongo ulihitaji siku nne kukauka. Siku ya pili ilinyesha, na zikawa tano. Straton alizihesabu siku hizo kwa sauti, mpaka baba yake akamwambia kwamba udongo hausikii.

Siku ya sita, asubuhi, waliwasha. Ndani ya nyumba ya udongo waliweka bakuli, vipande viwili vya kifuniko kama mashahidi, na kisahani chenye waya wa shaba, mbele ya tundu dogo la kuchungulia. Straton alivuta mivukuto miwili, kwa zamu ya mikono, kwa saa tatu. Kanamugire alichungulia. Alikuwa na majina mengi zaidi ya rangi za moto kuliko mhandisi alivyokuwa na tarakimu, na aliyataja moja moja kadiri yalivyopita: damu ya mzee, damu ya kijana, pilipili, boga, ndizi inayoanza kuiva.

"Njo hapa," alisema. "Imefika."

"Shaba imeyeyuka?"

"Bado."

"Basi haijafika, Papa."

Kanamugire alimtazama mwanawe kwa namna ambayo kwa kawaida aliihifadhi kwa watu waliorudisha majembe. Lakini aliinama tena kwenye tundu, na alipokuwa ameinama waya ule ulilegea, ukakaa, ukawa tone la duara lenye kung'aa.

"Robo dakika," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikosa kwa robo dakika."

"Tuache kidogo, iingie mu bakuli yote."

Waliacha. Kisha Kanamugire akakitoa kifuniko, akaingiza koleo ndefu, akalinyanyua bakuli. Lilitoka likiwa na rangi ya ndizi, mdomo wake pia, mshono wake pia, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mstari wowote juu yake. Pipa la maji lilikuwa hatua mbili. Alizipiga hatua hizo. Juu ya pipa mikono yake ikasimama.

Haikuwa hiari yake. Mikono iliyofukia chuma majivuni kwa miaka arobaini haikujua njia ya kwenda majini, na haikuwa na mtu wa kumuuliza. Bakuli lilining'inia hewani juu ya maji, na Straton, aliyekuwa na mivukuto bado mikononi, aliona rangi ya ndizi ikianza kurudi kwenye boga.

"Papa," alisema. "Haiko chuma."

Bakuli lilizama. Mvuke ulipanda hadi paa, na kibanda kizima kikanguruma kama lori linaloshindwa mlima. Mvuke ulipopungua Straton alikuwa amekwisha tumbukiza vipande viwili vya mashahidi pia, na alikuwa akihesabu tena kichwani: sekunde nne, huenda tano. Ndagijimana alisema mbio. Hakusema mbio kiasi gani.

Walilitoa bakuli. Lilikuwa jeusi kama sufuria ya jikoni, na lilikuwa limeegemea upande mmoja.

"Limepinda," alisema Straton.

"Maji," alijibu Kanamugire, na aliridhika kwa siku nzima iliyobaki.

Straton alirudi Rubaya siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Ndagijimana alilisafisha bakuli kwa asidi mpaka weusi ukatoka na weupe wa kijivu ukabaki, na vipande vya mashahidi akaviweka vichemke hadi siku ya hukumu. Straton alimweleza habari ya sekunde nne au tano. Ndagijimana alitafakari, akasema kwamba ingekuwa rahisi kumpa moyo, lakini hakuwa na sababu ya kufanya hivyo kabla ya kuona.

Siku ya mwisho mhandisi alikuja mwenyewe Lushebere. Mukantabana alikuwa amekwisha fika, akiwa na icyansi moja iliyojaa na wanawake sita waliokuja bila maziwa, kwa ajili ya kutazama tu. Bakuli lilikuwa juu ya meza, limeinama kidogo kama mtu anayesikiliza mlangoni.

"Lilienda limesimama," alisema Mukantabana. "Huko Walikale mulilinywesha nini?"

"Maji tu, Mama."

"Maji hayalazi muntu hivyo."

Ndagijimana alitoa chupa mfukoni, akatoa mashahidi wawili kutoka ndani ya asidi, akawaosha, na kumpa mhandisi mmoja. Mhandisi alikigonga kipande hicho kwenye ukingo wa meza. Kililia. Alikikunja kwa koleo mpaka ncha zikakutana, akatoa lenzi, akatazama mgongo wa mkunjo kutoka upande huu na upande ule. Hapakuwa na ufa.

Kisha mhandisi alimwaga asidi ya kuoshea ndani ya bakuli, akaitisha kiti, akakaa saa nzima. Hakuna aliyezungumza isipokuwa wanawake, ambao walizungumza wakati wote. Saa ilipokwisha aliimwaga asidi, akapangusa kwa kitambaa cheupe kandokando ya mshono, ndani na nje, akakitazama kitambaa. Kilikuwa cheupe.

Mukantabana hakungoja kitambaa kielezwe. Alilisuuza bakuli mara tatu kwa maji ya mtungi wake, akanusa, akasuuza mara ya nne, akamimina maziwa yake na kuchuchumaa chini ya meza. Alikaa huko muda mrefu kuliko mhandisi alivyokaa kwenye kiti. Hakuna tone lililoanguka. Alipotoka alijipangusa magoti.

"Kesho tutaleta," aliwaambia wanawake. "Lakini mimi nitachungulia kila siku. Na hii kulala upande, maziwa yatabakia mu kona, yataoza."

Ilikuwa kweli. Mhandisi aliona, na hakupenda kutanguliwa.

"Nyoosha," alimwambia Straton.

Straton aliishika nyundo iliyokuwa mezani. Kisha akasimama nayo.

"Ku moto ao ku baridi, Bwana?"

Mhandisi alimtazama. Alikuwa ametoa amri kwa wachomeleaji kwa miaka saba, na huenda hilo lilikuwa swali la kwanza kurudishiwa.

"Ku baridi," alisema. "Nyundo ya mti."

Nyundo ya mti haikuwapo, ilikuwa Rubaya. Mhandisi aliingiza mkono katika mfuko wa koti, akatoa karatasi ya ajira ambayo juu yake jina la mchomeleaji mwingine, wa kuchukua kinyago cha Straton, lilikuwa limekwisha kupigwa chapa na kugongwa muhuri, akaikunja mara nne, na kuisukuma chini ya kitako cha bakuli, upande uliozama, ili maziwa yakae sawa mpaka Jumatatu.